Hewa ukaa ya sukari na hamira kwa tangi la samaki lenye mimea

Tangi langu la samaki lina lita 60, liko sebuleni Dar es Salaam, mbali na dirisha. Miezi ya mwanzo mimea ilikuwa hai lakini imedumaa. Rotala, mimea ya shina ya majini, zilisimama pale pale nilipozipanda, na majani yake ya chini yakavaa mwani mweusi mfano wa manyoya. Niliongeza taa, mwani ukaongezeka. Nikaongeza mbolea, mwani ukazidi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mimea ile ilikuwa na mwanga wa kutosha na madini ya kutosha, ila ilikuwa na njaa ya hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi.

Karibu nusu ya uzito mkavu wa mmea ni kaboni. Mmea wa nchi kavu huipata kwenye hewa inayoupitia kutwa nzima. Majini mambo ni magumu zaidi: maji yaliyotulia wazi huwa na kama nusu miligramu tu ya hewa ukaa kwa lita, na gesi husafiri ndani ya maji polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000. Jani likishamaliza ile iliyo karibu nalo, linabaki linasubiri. Ndiyo maana wanaotunza matangi ya mimea hulenga miligramu 20 hadi 30 kwa lita. Takashi Amano, Mjapani aliyeyafanya matangi ya namna hii yajulikane duniani hadi alipofariki mwaka 2015, alitumia mitungi ya gesi hiyo. Mtungi hapa mjini unapatikana, wachomeleaji wanao na baa wanao, lakini ukijumlisha regulata, vali ndogo ya kupunguza na kazi ya kujaza, kwa tangi la lita 60 gharama inakuwa kubwa kuliko tangi lenyewe. Sukari na hamira vinafanya kazi hiyo hiyo, ilimradi ujue jambo moja tangu mwanzo: chupa ya hamira haina swichi. Ukishaianzisha itatoa gesi mchana na usiku, umeme uwepo usiwepo, uwe nyumbani au umesafiri. Karibu kila tahadhari utakayoisoma hapa inatokana na hilo.

Kwanza, je, tangi lako linaihitaji?

Kama unafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, acha kabisa. Maji ya ziwa lile yana pH (kipimo cha asidi) inayokaribia 9 na yamejaa kabonati. Hewa ukaa hushusha pH, na utakuwa unawavuta samaki wako kutoka kwenye maji waliyozaliwa nayo. Wale wa Ziwa Nyasa nao ni vivyo hivyo. Isitoshe, valisneria, jani refu mithili ya utepe linaloota kwenye maziwa yetu, lina uwezo wa kuchukua kaboni kutoka kwenye bikabonati iliyoyeyuka majini. Gugu la majini liitwalo Ceratophyllum nalo linaweza. Anubias, mmea wa Afrika Magharibi wenye majani magumu ya kijani kibichi, hukua taratibu kiasi kwamba hutaona tofauti kubwa.

Wanaofaidika ni rotala, ludwigia, hidrokotili, mimea ya zulia (ile inayotandaa chini) na yote yenye majani mekundu. Na taa iwe nzuri. Bila mwanga hakuna usanisinuru, na gesi utakayoingiza itabaki majini ikiwasumbua samaki bure.

Vifaa

Tafuta chupa mbili za soda za lita 1.5 au 2, na nyingine ndogo ya nusu lita. Ziwe za soda kweli, kwa sababu zimetengenezwa kuhimili mgandamizo wa gesi. Chupa ya maji ya kunywa ni laini, hutuna na kupasuka. Chupa ya kioo usiiguse kwa kazi hii. Ikilipuka itatawanya vipande chumba kizima.

Kwa mpira, mimi hununua seti mpya ya dripu duka la dawa. Ni bei nafuu, mpira wake ni wa PVC na haupitishi gesi ovyo. Mpira wa silikoni, ule laini unaouzwa na pampu za hewa, huvujisha hewa ukaa kupitia kuta zake, na utashangaa kwa nini chupa inachacha lakini tangini hakifiki kitu. Ukishanunua seti ya dripu, itazame vizuri: katikati ya mpira kuna kibanio cha plastiki chenye kigurudumu, kile ambacho nesi hukizungusha kupunguza dawa. Kitoe. Mtoto akikizungusha, au wewe mwenyewe ukikisahau kimefungwa, gesi itakosa njia. Gramu 200 za sukari zinaweza kuzaa zaidi ya lita 50 za gesi, na chupa yako ina nafasi isiyofika nusu lita.

Vingine ni vali ya njia moja (huuzwa maduka ya samaki wa mapambo, ni kitu kidogo kama kifuniko cha kalamu), msumari mwembamba, koleo, sukari nyeupe, hamira ya chembechembe, na bikaboneti, ile soda ya kuokea keki. Usichanganye hamira na baking powder. Majumbani wengi huviita jina moja, lakini baking powder haina kitu hai ndani yake. Itatoa povu dakika chache kisha basi.

Kutengeneza vifuniko

Choma ncha ya msumari kwenye moto, toboa kifuniko cha chupa kubwa tundu moja katikati. Tundu liwe jembamba kidogo kuliko mpira. Kata ncha ya mpira mshazari, ichomeke tunduni, ishike kwa koleo upande wa ndani na uivute mpaka iingie kama sentimita 2. Plastiki ya mpira itabanwa na kujinyoosha tena, na hiyo ndiyo itakayozuia gesi isivuje. Wengi hupaka gundi ya silikoni kuzunguka tundu. Gundi hiyo haishiki kwenye plastiki ya vifuniko vya soda. Ukiikausha na kuivuta inabanduka nzima nzima. Tundu lililobana ni bora kuliko gundi yoyote.

Chupa ndogo ya nusu lita inahitaji matundu mawili. Mpira unaotoka kwenye chupa kubwa uingie mpaka karibu na kitako, na chupa ijazwe maji nusu. Mpira unaokwenda tangini uishie juu, usiguse maji. Chupa hii ina kazi mbili. Povu la hamira likipanda linanaswa humu badala ya kuingia kwa samaki. Pia hapa ndipo utakapohesabu viputo.

Vali ya njia moja ikae kati ya chupa ndogo na tangi. Hamira ikichoka, au chumba kikipoa usiku, mgandamizo hushuka na maji ya tangi huweza kurudi nyuma kupitia mpira. Yakianza kushuka hayaachi: utakuta sakafu imelowa na tangi limepungua. Vali ina mshale au upande uliotiwa alama. Ipulize kwa mdomo kabla ya kuifunga ujue hewa inapita upande gani.

Kisha jaribu mfumo mzima kabla ya kutia sukari. Puliza, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, angalia kama kuna mahali panapotoa mapovu.

Mchanganyiko

Mama anayekaanga maandazi mtaani kwetu ndiye aliyenifundisha kuipima hamira. Nilikuwa nimeharibu chupa mbili mfululizo, hazikutoa hata kiputo. Nilipomwamkia na kumweleza, hakushangaa shida yangu wala hakuuliza ya nini. Alichota maji ya vuguvugu kwenye kikombe, akatia sukari kidogo na hamira yangu, akafunika kwa sahani, akaendelea kugeuza maandazi. Baada ya dakika kumi akafunua. Maji yametulia kama yalivyokuwa. "Mwanangu," akasema, "hamira ikishindwa kuamka kwenye kikombe, kwenye unga itaamkaje?" Pakiti yangu ilikuwa imekaa wazi kabatini miezi. Tangu siku hiyo sianzi chupa bila kikombe cha majaribio.

Kwa chupa ya lita 1.5, vipimo vyangu ni hivi: maji lita 1, sukari gramu 200 (kikombe cha kupimia cha mililita 250 kilichosawazishwa ndicho hicho), hamira robo kijiko cha chai, na bikaboneti nusu kijiko cha chai. Bikaboneti inazuia mchanganyiko usiwe mchachu mno haraka, hasa ukitumia maji ya mvua ambayo hayana kabonati yake. Ukitumia maji ya bomba, yaache wazi usiku kucha kwenye ndoo ili klorini ipungue, maana klorini huua hamira.

Yeyusha sukari kwanza kwa maji ya moto kidogo, ongeza maji ya kawaida, hakikisha mchanganyiko haukuunguzi kidole, ndipo umimine hamira iliyoamka. Acha nafasi ya robo chupa juu kwa ajili ya povu. Funga, tikisa mara mbili tatu, weka wima ndani ya beseni. Viputo vya kwanza hutokea baada ya saa chache, wakati mwingine mpaka kesho yake. Usiongeze hamira kwa kukosa subira.

Hamira nyingi haikupi gesi zaidi. Inakupa gesi ile ile kwa siku chache, kwa fujo. Gesi yote inatoka kwenye sukari, hamira inaamua mwendo tu. Na sukari nayo ina kikomo, kwa sababu hamira inapotoa hewa ukaa inatoa na alkoholi, na alkoholi ikizidi inaiua hamira yenyewe. Gramu 200 kwa lita zinakaribia kikomo hicho. Ukitia 400, nusu utaimwaga.

Joto la pwani

Miongozo mingi imeandikwa na watu wa nchi za baridi, nayo husema chupa hudumu wiki mbili. Sebuleni kwangu, nyuzi 30, chupa ya kawaida huanza kwa kishindo na kufikia siku ya saba imechoka. Anayeishi Arusha, Iringa au Nairobi atapata mwendo wa polepole zaidi kwa vipimo hivi hivi.

Dawa ni kuigandisha sukari. Hamira ikimwagiwa juu ya sukari iliyoganda, inakula kutoka juu kwenda chini kidogo kidogo, na gesi inatoka kwa kiwango kinachokaribiana siku hadi siku. Watu wengi hutumia jelatini. Kwetu pwani jelatini haifai: inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi thelathini na kitu, na mchana wa Januari chupa yako itakuwa supu. Tumia agari, ule unga wa mwani unaogandishia puding. Agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85.

Chemsha nusu lita ya maji na gramu 5 za agari, koroga mpaka unga uyeyuke wote, tia sukari gramu 200 na bikaboneti, acha ipoe kidogo kisha mimina kwenye chupa kabla haijaganda. Ukimimina ikiwa ya moto sana, chupa ya soda itajikunja. Ikishaganda, ongeza juu yake mililita 300 za maji ya vuguvugu yenye hamira. Baada ya kuanza kutumia njia hii, chupa zangu zinavuka wiki mbili, na sijaona tena kile kishindo cha siku ya pili.

Kuingiza gesi majini

Jiwe la hewa la kawaida hutoa viputo vikubwa vinavyopanda mpaka juu na kupotea. Kisambazaji cha kioo chenye sahani ya kauri ni kizuri, lakini kinahitaji mgandamizo ambao chupa ya hamira huupata kwa shida. Kiungo kimoja kikilegea tu, gesi yote itatokea huko.

Njia rahisi kuliko zote ni kikombe kidogo cha plastiki angavu, kigeuzwe kifudifudi chini ya maji na kubandikwa kwenye kioo. Gesi inakusanyika chini yake na kuyeyuka taratibu kupitia uso wa maji. Hakuna kinachoziba, na unaona kwa macho kama gesi inaliwa au inarundikana. Anayetaka nguvu zaidi auelekeze mpira kwenye mdomo wa chujio, ili panga la pampu livikatekate viputo kuwa ukungu. Mimi nilianza na kikombe, nikahamia kwenye chujio, na nimerudi kwenye kikombe. Sababu yake ni usiku ule nitakaoueleza.

Anza na kiputo kimoja kila sekunde tatu kwa tangi la lita 60. Hesabu hiyo inalinganisha leo na jana tu, kwa sababu ukubwa wa kiputo unategemea mpira wako.

Kupima

Kipimo bora kwa mtu wa nyumbani ni kile kichupa cha kioo kinachobandikwa ndani ya tangi, kikiwa na maji ya KH 4 (KH ni kipimo cha kabonati majini) na matone ya bromothimoli bluu, rangi ya kupimia asidi. Kikiwa cha bluu gesi ni kidogo, kijani ni takriban miligramu 30, njano ni hatari. Kinachelewa saa moja mpaka mbili kuonyesha hali ya maji, kwa hiyo usirekebishe chupa kila baada ya dakika kumi.

Ukiwa na vipimo vya pH na KH unaweza kukadiria. Maji yenye KH 4 na pH 7.0 yana takriban miligramu 12 za hewa ukaa kwa lita. Kwenye pH 6.8 ni 19, kwenye 6.6 ni 30, na kwenye 6.4 ni 48. Tazama jinsi hatua ndogo ya pH inavyobeba gesi nyingi: ikishuka nukta moja nzima, gesi imeongezeka mara kumi. Kama una gogo linalotia maji rangi ya chai, hesabu hii itakudanganya, kwa sababu asidi ya gogo nayo inashusha pH.

Macho nayo yanapima. Mchana, taa ikishawaka kwa muda wa saa nne au tano, majani yenye afya hutoa shanga ndogo za oksijeni zinazopanda moja moja.

Usiku

Taa ikizimwa mimea inaacha kula hewa ukaa na kutoa oksijeni, inabaki kuivuta tu, pamoja na samaki. Chupa inaendelea. Kwa hiyo pampu ya hewa iwashwe taa inapozimwa, ivuruge uso wa maji mpaka asubuhi.

Usiku mmoja umeme ulikatika saa nane. Nilisikia feni ikizima, nikageuka upande wa pili nikalala. Saa kumi na mbili nilipoingia sebuleni na tochi, samaki wote 11 walikuwa juu kabisa, vinywa vimechomoza, mashavu yanakwenda mbio. Pampu ilikuwa imekufa, chujio limesimama, na kichupa cha kupimia ni cha njano kama limau. Nilichomoa mpira, nikachota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, kisha nikabadilisha theluthi ya maji kwa yale niliyokuwa nimeyahifadhi kwenye ndoo. Saba walipona. Wanne nilichelewa kwao.

Sasa umeme ukikatika, hata iwe saa ngapi, ninaamka na kuchomoa mpira kutoka tangini, ninauacha ukining'inia nje. Haupaswi kukunjwa wala kufungwa, kwa sababu chupa itapasuka. Gesi iende zake chumbani. Na kikombe kilichogeuzwa kina faida hapa: kikijaa, ziada inatoka pembeni na kupanda juu, haisukumwi yote ndani ya maji.

Dalili za hatari ni samaki kuhemea juu, samaki kulala sakafuni bila kujali chakula, na kamba wadogo kuacha kutembeatembea. Usisubiri kupima. Chomoa kwanza.

Kwa anayetaka kuzima na kuwasha

Iko njia ya unga wa ndimu (asidi ya sitriki) na bikaboneti, kwenye chupa mbili zenye vali ya sindano na geji kwenye vifuniko. Gramu 200 za bikaboneti hutoa gesi inayolingana na ile ya gramu 200 za sukari, na vali inaweza kufungwa usiku kwa sababu mgandamizo ukipanda unazuia asidi isiendelee kuvuka kwenda upande wa pili. Ila vifuniko vyake lazima vinunuliwe vikiwa tayari, vyenye vali ya usalama. Usijaribu kuviunda mwenyewe kwa msumari. Na usitumie magadi ya kuchemshia maharage badala ya bikaboneti. Yana uchafu mwingi na kabonati yake si ile ile.

Kubadilisha chupa

Viputo vikipungua mpaka kimoja kila sekunde kumi, chupa imekwisha. Usiimwage yote. Bila kuitikisa, mimina maji ya juu uache nusu kikombe cha tope la chini, hiyo ni hamira hai, na inaanzisha chupa mpya haraka kuliko ya pakiti. Fanya hivyo mara mbili au tatu, kisha anza upya, maana vijidudu vingine huingia na harufu hubadilika kuwa ya siki. Kinachomwagwa kiende chooni au kwenye shimo la mboji, kisinywewe na mtu.

Mimi nina chupa mbili kubwa zinazoingia kwenye chupa ndogo moja kwa kiungo cha mfano wa Y. Moja huanza wiki moja baada ya nyingine, ili ya zamani ikichoka mpya iwe imeshika mwendo. Kila moja ina kipande cha plasta ubavuni chenye tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na juu ya tangi nimebandika jagi mahali ambapo mkono utalikuta hata gizani.